Somo Yake Mwanamvua

Tangu Pasaka alipobatizwa na kuitwa Maria, Mwanamvua hakutulia. Umri wa kurukaruka ulikwishampita, lakini alirudi kisimani akicheka peke yake, akatwanga akicheka, hata shoga yake Biubwa, Mwislamu waliyekua naye Masaki kabla ya wote wawili kuolewa Kibaha, akamwuliza kulikoni.

"Nimepata somo," Mwanamvua akajibu.

"Somo gani?"

"Mama yake Yesu. Yeye Maria, mimi Maria. Na wewe wajua mambo ya mtu na somo yake: changu chake, chake changu."

Biubwa akaweka ungo chini. "Bibi Mariamu? Shoga, umejichagulia mkubwa."

"Ndiyo maana siwezi kukaa kitako."

Marehemu mumewe, Mluguru aliyekata mkonge mpaka mwisho wake, alimwachia rozari. Siku hizo Mwanamvua hakujua sala hata moja, basi alishika punje na kusema yaliyomo moyoni: punje hii, nguruwe wamekula mihogo, hii, mgongo unauma, hii, nimemkumbuka marehemu. Kila jioni aliinuka pale mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Baadaye Mwalimu Adamu, katekista, alimfundisha Salamu Maria akaishika barabara, lakini kati ya punje na punje bado alichomeka habari zake.

"Sala ina mpango wake, Mama Maria," Mwalimu Adamu alimwambia.

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini nitamsalimuje somo yangu, kisha nisimpe habari?"

Katekista akajikuna kidevu, akaendelea na mafundisho.

Mwaka ule wa 1954 Wakatoliki waliuita Mwaka wa Maria, na kanisa dogo la makuti kando ya shamba la mkonge liliahidiwa sanamu ya Mama kwa sikukuu yake ya Desemba. Sanamu ingetoka Morogoro kwa lori. Usiku wa kuamkia mkesha wa sikukuu ikanyesha mvua ya kufunika milima na mabonde, na asubuhi habari zikafika: lori limekwama Misugusugu.

Mwanamvua hakungoja la pili. "Siwezi kukaa barazani na somo yangu yuko matopeni," akasema, akajifunga kibwebwe. Biubwa naye akajifunga chake. "Bibi Mariamu yumo kwenye Msahafu wetu," akasema. "Unadhani nitabaki nyumbani?" Wanawake wengine wakafuata, Wakristo kwa Waislamu, wakaishika njia wakiteleza na kushikana mikono.

Lori walilikuta limezama hadi tumboni. Shomari, dereva wake, alikuwa ameingia vijijini kutafuta watu wa kusukuma. Nyuma, katikati ya magunia ya chumvi, yalikaa makasha mawili ya mbao yaliyolingana. Mwanamvua aliweka kiganja juu ya moja, akafumba macho, akatabasamu.

"Huyu hapa," akasema.

Hakuna aliyembishia. Walikata miti, wakalifunga kasha kama machela, wakalitia mabegani, nyimbo zikaanza.

"Somo yako mzito," Biubwa alilalamika.

"Amebeba shida za watu wote. Atakosaje kuwa mzito?"

Walianguka, Biubwa wa kwanza, wakainuka, matope hadi kwenye nyusi, lakini kasha halikugusa ardhi. Waliokuwa mashambani waliacha majembe kuuliza hiyo ni harusi ya nani, na wanawake wa kando ya barabara wakapiga vigelegele bila kungoja jibu.

Kanisani Mwalimu Adamu aliwapokea amevaa kanzu nyeupe. Watu wakapiga magoti. Alibandua mbao taratibu, akaondoa majani makavu, kisha akasimama tu, mikono imemning'inia.

Ndani ya kasha ililala pampu ya maji, ya chuma, imepakwa grisi ikang'aa.

Mwanamvua aliitazama ile shingo ya chuma aliyoiimbia njia nzima. Aibu ilianza kumpanda kutoka tumboni, lakini kabla haijafika usoni ikageuka kicheko.

"Kwa hiyo, somo," akasema akiinua macho juu, "umeniacha nibembeleze pampu."

Biubwa alikaa chini palepale, machozi yakimtoka kwa kucheka. Mwalimu Adamu alijikaza, akakohoa, akageukia ukuta. Mabega yake yakamsaliti. Kanisa zima likaangua kicheko.

Walikuwa bado hawajapata pumzi honi ilipolia nje. Lori lile, limejaa tope hadi juu, na Shomari akishuka kwa woga.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba."

"Msinigombeze. Nimevunja kasha moja nipate mbao za kuweka chini ya magurudumu, nikamkuta huyu mama ndani. Nikaona si adabu kumrudisha nyuma na chumvi."

Akafungua mlango. Sanamu ilisimama kwenye kiti cha mbele, imefungwa kamba isianguke, koti la dereva mabegani, tone la tope shavuni.

Mwanamvua alikuwa ameandaa maneno mazuri kwa wiki nzima. Yote yalimtoka. Alimfuta lile tope kwa pindo la kanga, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto.

"Karibu, somo," akasema. "Pole na safari." Kisha, amesimama mlangoni mwa lori na manyunyu yakimwangukia, akamsimulia kisa cha pampu tangu mwanzo, na kila alipofika kwenye kuanguka kwa Biubwa alishindwa kuendelea kwa kucheka. Watu wakangoja. Mwalimu Adamu hakumharakisha.

Walipomwingiza Mama kanisani vikaliwa vitumbua, Shomari akala kuliko wote, na ngoma ikachezwa uwanjani, Biubwa mbele na Mwanamvua ubavuni kwake.

Kesho yake kwenye misa ya sikukuu magoti ya Mwanamvua yalikataa kukunjika. Alisali amesimama, uso umechanua. Padri alipopita alimwuliza kama anaumwa.

"Hapana, Baba," akasema. "Jana tulicheza sana."