Kiwanja Kilichobaki Cheupe

Jumanne saa nne asubuhi, penseli ya njano ilimwishia mchora ramani wa ofisi ya mipango miji akiwa amebakiza kiwanja kimoja tu. Njano ni makazi, kijani ni bustani, nyeupe ni ardhi wazi isiyo na mtu. Alikwenda stoo, akaambiwa penseli haitoki bila saini ya bosi, na bosi yuko semina. Akasema atamalizia kesho. Kesho yake ramani ilichukuliwa mapema ikagongwa mhuri, na kiwanja kile, ambacho ni cha dada yake mkubwa, fundi cherehani, kikabaki cheupe pe.

Wiki hiyohiyo msoma mita wa maji aliingia kwa dada kupitia ukutani, akakatiza jikoni, akatokea upande wa pili huku akiandika kwamba hapana nyumba. Dada alimsalimia, hakuitikiwa.

"Ukuta sawa," alimwambia mdogo wake jioni. "Lakini mtu mzima unapita katikati ya sufuria zangu, hata salamu huna?"

Mchora ramani alijua mambo yameanzia wapi, akajitia hamnazo. Lakini ilimuuma. Huyu dada ndiye aliyemlea wazazi walipofariki. Alishona sare za watoto wa watu mpaka mdogo wake akamaliza chuo. Basi alinunua penseli ya njano dukani, akapaka kile kiwanja. Rangi ikateleza, ikaenda kukaa kwa jirani.

"Ramani ikishagongwa mhuri haipokei rangi," bosi alisema bila kuinua macho. "Mwenye kiwanja aje kujaza fomu. Au aliyekosea asimame mbele ya kamati akiri. Ila huyo unga wake umemwagika, nakuambia mapema."

Dada alikwenda kujaza fomu. Alisimama dirishani siku tatu, na siku zote tatu karani alimwita aliye nyuma yake.

Kisha likaja ombi la kampuni ya ujenzi. Ilitaka uwanja mkubwa uliopakana na dada, pamoja na kile kiwanja cheupe, ijenge mtaa mchanganyiko: ghorofa mbele, nyumba za safu nyuma, maduka pembeni. Tangazo likabandikwa kwamba mwenye pingamizi afike ukumbini Alhamisi.

Majirani walijaa. Mmoja alilalamika kwamba ghorofa zitamzibia jua la kuanikia nguo. Wakapunguza ghorofa moja. Mwingine aliuliza magari yataegeshwa wapi, wakamwonyesha. Kamati ilisikiliza, tusiwasingizie. Dada akasimama mstari wa mbele, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

"Mimi naishi hapo miaka thelathini na moja. Mnanihamishia wapi?"

Mwenyekiti akaendelea kufunua karatasi. Dada akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Karani wa kikao akaandika kwamba hakuna pingamizi jingine.

Hapo mwenyekiti akamgeukia mchora ramani. "Wewe ndiye uliyeichora. Hapa peupe pana mtu?"

Jamani, swali lilikuwa hilo tu. Alimtazama dada yake. Dada naye alimtazama, hata akatabasamu kidogo, kama mtu aliyefikiwa na zamu yake baada ya foleni ndefu. Mchora ramani akafikiria kazi, akafikiria wanawe wawili walioko shule.

"Ramani inaonyesha pako wazi, mheshimiwa."

Mikono ikainuliwa. Mradi ukapita, kura saba kwa mbili.

Ujenzi ulichukua miezi kumi na minne. Nguzo moja ilisimikwa katikati ya kitanda cha dada, akakisogeza kitanda. Nyumba namba tatu ya chini walipewa mwalimu na mkewe, watu wastaarabu kabisa. Sebule yao ndiyo chumba cha kushonea cha dada. Waliwahi kumlalamikia mlinzi kwamba wanasikia cherehani. Mlinzi aliandika kwenye daftari, akawashauri wawashe redio.

Mchora ramani alipandishwa cheo. Kila Jumapili huja kumwona dada yake. Hupiga hodi kwa mwalimu, hukaribishwa kochini, na dada yuko palepale, hatua mbili kutoka kwenye televisheni. Jumapili iliyopita alimkuta ametandaza kitambaa sakafuni.

"Siku ile ukumbini," dada alisema, "nilijua na wewe huwezi kuniona tena. Nikasema maskini, si kosa lake. Nikakusamehe palepale, sijakuuliza mpaka leo."

Mchora ramani aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nilikuwa nakuona, dada."

Mke wa mwalimu akapita katikati yao na sinia la vikombe.

"Basi shika huo upande," dada alisema, akachukua mkasi. "Usilegeze, nisije nikakata pogo."