Kiti cha Pili Stoo

Sheria ilisema mtoa taarifa asifukuzwe kazi, na kweli Mama Ini hakufukuzwa. Bosi wa machinjio ya serikali aliiheshimu sheria kupita kiasi: alimnyang'anya kisu na muhuri, akampa kiti stoo, katikati ya mizani mibovu na mabuti yaliyotoboka. Kazi? Hakuna. Ila aje kila asubuhi, akae hadi jioni. Akiondoka bila ruhusa, ameacha kazi mwenyewe, na aliyeacha kazi hana kesi.

Jina la Mama Ini alipewa na wachinjaji, kwa kuwa hakuna ini lililompita yeye mkaguzi wa nyama bila kupasuliwa. Hata nyumbani, mumewe akinunua maini, lazima yeye ayachane kwanza ayakague, watoto wakimcheka. Alipoona nyama ya ng'ombe wagonjwa inagongwa muhuri kwa amri ya bosi na kupelekwa buchani, akaenda kusema kwenye tume ya serikali inayosikiliza malalamiko. Tume ikamwambia alete shahidi. Shahidi alikuwa mmoja tu, mkaguzi mwenzake waliyemwita Kimya, naye akaahidi.

Kilichomtesa mle stoo hakikuwa joto. Zilikuwa salamu alizonyimwa. Watu aliokula nao chumvi miaka na miaka walipita dirishani wakitazama viatu vyao. Mwishowe akaanza kuongea na mizani. "Umeamkaje, mwenzangu?" Mizani, kwa utovu wa adabu, haikujibu. Akacheka, kisha kicheko chake kikamtisha.

"Acha kazi, mke wangu," mumewe alimwambia. "Tutakula tutakachopata."

Alitamani sana. Lakini akiacha, kesi imekufa, na nyama ile itaendelea kuliwa na watoto wa watu.

Yeye na Kimya walikuwa wamekubaliana wasijuane kazini mpaka siku ya tume. Asubuhi moja Kimya akapita karibu na dirisha, na Mama Ini, upweke umemzidi, akajisahau akaita kwa sauti: "Kaka! Njoo basi hata unisalimie!"

Kimya akasimama. Upande wa pili wa ua, bosi naye akasimama.

Kesho yake mlango ukafunguliwa, kikaingizwa kiti cha pili, na nyuma ya kiti akaingia Kimya. Mlango ukarudishwa.

Alichohisi Mama Ini kwanza ni furaha. Amepata mtu wa kuongea naye! Halafu aibu ikamwaka usoni. Mdomo huponza kichwa, na hapa kichwa kilichoponzwa kilikuwa cha mwenzake.

"Nisamehe, kaka."

"Usiniombe msamaha." Kimya hakumtazama. "Jana nilikuwa nakuja kukuambia nimeghairi. Nina familia, dada. Niliamua sitasema kitu."

Kumbe muda wote ule Mama Ini alikuwa ameegemea ukuta usiokuwepo.

"Ungemwambia bosi hivyo."

"Nimemwambia leo asubuhi. Nimemwapia kabisa. Akacheka, akaita mtu abebe kiti."

Wakakaa. Nje misumeno ya mifupa ilikuwa ikilia, na wote wawili, kwa mazoea, wakatega sikio. Kimya akanyoosha mkono akaibonyeza mizani. Mshale ukatikisika kidogo, ukakwama palepale.

"Tume inakaa lini?" akauliza.

"Alhamisi. Kwa nini?"

"Nitakuja kusema." Akavuta kiti chake karibu na cha Mama Ini. "Adhabu nimeshapewa, dada. Acha basi na kosa nilifanye."