Ngamia wa Kitovu

Kishindo kilisikika kwanza. Mwalimu Keynan alikuwa darasani akiandika hesabu za kugawanya wakati chaki iliporuka mkononi mwake na vumbi likadondoka kutoka kwenye bati. Alidhani ni bomu lililotegwa kwenye njia ya Wajir. Askari wa langoni alidhani vivyo hivyo, akalala kifudifudi. Kisha kukawa kimya, na nyuma ya darasa watoto wakaanza kucheka.

Alipotoka alimkuta Nafiso amesimama mchangani, upande wa pili wa kamba ya kuruka, amezama hadi magotini. Kamba haikuguswa. Nafiso alikuwa na miaka kumi, mwembamba kama fito, na katika darasa la tatu hakuna mvulana wala msichana aliyewahi kumshinda kwa kuruka au kwa mbio.

Olow, aliyekuwa akingoja zamu yake, alisema, "Naa, shuka taratibu. Utavunja shule ya serikali."

Mwalimu aliinama akaitazama miguu. "Ni Dero?" aliuliza.

"Ni Dero, maalim. Nilikuwa hewani."

Mwalimu akasema inna lillahi. Halafu akaupima mruko na kuutangaza, kwa kuwa ulikuwa halali. Olow akaruka baada yake, akapaa akicheka, akatua kwa kishindo kama kile. Kabla ya kengele ya kumaliza mapumziko nusu ya darasa walikuwa wamezama, na waliobaki walikuwa wakiwavuta kwa mikono.

Kwa watu wa kijiji kile jambo hilo halikuhitaji maelezo. Mtoto akizaliwa na kitovu chake kikakauka, hufungwa kwa singa za mkia wa ngamia jike. Tangu siku hiyo ngamia yule ni wake, na uzao wake ndio mtaji wa mtoto duniani. Huyo ndiye ngamia wa kitovu. Kwa kawaida hufungiwa wavulana. Guleid, baba yake Nafiso, alimfungia binti ngamia aitwaye Dero, watu wakamcheka mnadani mpaka wakachoka. Ngamia akifa kwa uzee, au kwa kisu na bismillahi, uzito wake huingia ardhini. Akiuawa kwa dhuluma, uzito hauna pa kwenda, basi humwendea mwenye kitovu.

Jioni Guleid alirudi kutoka visimani na kamba tupu begani. Alieleza kwamba mifugo ilikutwa upande usioruhusiwa wa mstari, mstari ambao hakuna mchungaji aliyewahi kuonyeshwa, na kwamba askari walipiga risasi hadi zikawaishia. Waliomsikiliza walitikisa vichwa kwa adabu. Walikuwa wameshajua, hata saa walikuwa wameijua.

Ulikuwa mwaka wa sitini na sita. Vita vilikuwa na miaka mitatu, na serikali ilikuwa imewakusanya wachungaji ndani ya ua wa miiba, mwendo wa asubuhi moja kutoka Garissa, ili wasiwape maziwa shifta, waasi waliokuwa msituni. Sasa hawakuwa na maziwa ya kumpa mtu yeyote. Walikula posho na chai ya rangi. Mbavu za Nafiso zilihesabika juu ya shati, lakini kitanda kilivunjika chini yake usiku ule ule. Akawa analala ardhini, na kila asubuhi mama yake, Abshiro, alilifukia shimo lenye umbo la mtoto wake kabla ya kuwasha moto.

Baada ya Idi afisa mmoja alikuja na lori la maziwa ya unga. Alikuwa kijana mpole kutoka bara, mwenye soksi ndefu. Alitangaza kwamba maziwa yangegawiwa shuleni kwa watoto waliokonda, na ili pasiwe na upendeleo, kila mtoto angepimwa. Kutoka kwa mfanyabiashara wa ngozi ililetwa mizani ya chini, ile ya kupimia marobota.

Wazazi walifurahi. Walisema hatimaye serikali imeleta shahidi. Walidhani afisa akiona mtoto ana uzito wa ngamia atajua ngamia ameuawa bila haki, kama wao walivyojua, na ataona haya. Mwalimu Keynan mwenyewe aliifuta mizani vumbi kwa kanzu yake. Hakuna aliyemweleza afisa habari za kitovu, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu mzima asiyezijua.

Nafiso alipanda. Chuma kililia. Afisa alisogeza jiwe la mizani hadi mwisho, akaongeza jingine, akasoma ratili mia tisa. Akamtazama mtoto, akatazama mizani, akaandika. Alipowamaliza wote alisema kwamba, kwa watoto wa umri huo, hawa walikuwa wamenenepa kupita kiasi, na kwamba unene wa utotoni ni ugonjwa mbaya. Maziwa hayo yangewadhuru. Dawa yake ni mazoezi. Kila mtoto aliyezidi angekimbia kuuzunguka ua asubuhi na jioni mpaka apungue.

Ndipo Mwalimu Keynan akaelewa kosa lao. Alimfuata afisa mpaka kwenye lori akamweleza yote, kwa utaratibu: singa, visima, mstari, risasi. Afisa alisikiliza hadi mwisho. Hakucheka, wala hakukana.

"Nimekuelewa, mwalimu," alisema. "Lakini mizani haiulizi uzito ni wa nani. Nami pia sikutumwa kuuliza."

Akaacha askari wawili wa kusimamia mbio, na lori likaondoka na maziwa yake.

Basi wakakimbia. Mwalimu alipuliza filimbi kwa kuwa aliamriwa kuipuliza, na watoto wakauzunguka ua, matumbo yao yamebonyea, kila hatua ikizama. Mbio za Nafiso, zilizokuwa kama upepo, zikawa za kuhesabu mguu mmoja baada ya mwingine. Mwalimu alijaribu kupunguza mzunguko kona ya choo, askari wakamwona, mzunguko ukaongezwa. Njia ilididimia. Mwanzo ilikuwa kiasi cha kifundo cha mguu, kisha goti. Mvua fupi zilipokwisha, mtu aliyesimama mbali aliona vichwa tu vikipita kandokando ya miiba, kama vibuyu juu ya maji. Askari waliridhika. Walikuwa wameagizwa kuchimba handaki kuzunguka kijiji na sasa lilikuwa limechimbika.

Olow alianguka siku ya Alhamisi. Aliwaambia wenzake watangulie, kwamba amechoka kumbeba mwanamke mzee mwenye nundu. Walicheka, wakatangulia. Wanaume walimtia kamba chini ya kifua na mapaja kama anavyoinuliwa ngamia dhaifu wakati wa kiangazi, wakavuta wakiimba wimbo wa kisimani ili wavute kwa pamoja. Hakuinuka. Alifia pale pale, wakamswalia ndani ya handaki wakamfukia humo. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefungwa kwake, uzito haukupata wa kumwendea. Kaburi liliendelea kushuka kila siku, na mama yake alikuja asubuhi kuongeza udongo.

Afisa aliporudi alipima tena. Bila Olow, jumla ya uzito wa darasa ilikuwa imepungua. Akampongeza mwalimu mbele ya wazazi, akasema mazoezi yanafanya kazi, akaagiza mbio za adhuhuri pia.

Wiki hiyo Abshiro alijifungua mtoto wa kiume. Wakamwita Jelle. Alikuwa mdogo, na mwepesi hivi kwamba Abshiro alimfunga kifuani kwa shuka mbili, kwa kuwa upepo wa jioni ulikuwa ukimnyanyua. Hilo nalo lilijulikana: mtoto wa kiume asiye na ngamia hana cha kumshikilia duniani. Hakukuwa na mbuzi wa akika, wala mkia hata mmoja wa kufungia kitovu, tangu Bute hadi mto Tana, kama walivyosema waliotoka huko.

Kitovu kilipokauka, Raho, mkunga wa kijiji, alikishika katika kiganja. Guleid alikuwa mlangoni na kamba yake.

"Kijiji hiki kina ngamia wanaotembea," Raho alisema. "Mmoja yumo nyumba hii."

"Huyo ni binti yangu, eddo," alisema Guleid.

"Nami nilimpokea siku alipozaliwa. Sijasema si binti yako."

Watu wote ndani ya nyumba waliijua desturi, na waliujua upande wake wa pili. Nafiso akianguka katika mbio zile, atakuwa ameuawa kwa dhuluma, na uzito wa Dero pamoja na wake mwenyewe utashuka juu ya kichanga kisichoweza hata kugeuza shingo. Na kichanga asipofungwa, upepo utamchukua kabla ya mwezi kuandama. Abshiro alimtazama mumewe, kisha akatazama shuka mbili.

Ni Nafiso aliyelimaliza jambo. Alijikokota kutoka kwenye shimo lake, akafungua ushungi, akakata singa ya nywele zake kwa meno akampa Raho. Raho akafunga fundo, akasoma alichokisoma kwa ngamia wote waliotangulia. Shuka zikalegea. Jelle akatulia kwenye mapaja ya mama yake kama watoto wengine, akaanza kulia kwa njaa.

Nje, filimbi ya Mwalimu Keynan ililia mara moja, ikakatika, ikalia tena. Askari alikuwa amesimama karibu naye. Vichwa vya watoto wengine vilikuwa vimeshaanza kupita juu ya ardhi.

Guleid alimshika binti yake mkono mmoja, Abshiro wa pili, wakamsimamisha. Ilichukua nguvu zao zote. Nafiso alijifunga ushungi vizuri, akainama polepole ili asiangukie mtu, akaleta mdomo karibu na sikio la mdogo wake.

"Jelle, walaal," alisema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "nitakimbia. Sitaanguka mpaka uweze kusimama mwenyewe."