Safu ya Tatu na ya Nne

Jana mchana, kichwa changu kikiwa juu ya meza ya vibandiko vya majina katika nyumba ya nyoka ninakofanya kazi, usingizi ulinichukua, nikaota.

Lakini kwanza niseme kosa langu. Asubuhi aliletwa nyoka mgeni wa kufugwa, mwembamba, mwenye mistari. Nyoka wa namna hiyo wanafanana mno, na rangi hudanganya. Lazima uhesabu safu za magamba kuanzia tumboni: mstari wa ubavuni ukikaa safu ya pili na ya tatu, ni ukoo mmoja, ukikaa ya tatu na ya nne, ni ukoo mwingine kabisa. Mimi niliona wekundu tu, nikaandika kwenye kibandiko chake "Mbavu Nyekundu", jina la ukoo wa kwanza. Mzee Mfinanga, bosi wangu, akaniuliza, "Umehesabu, mama Nakunda?" Nikamjibu nimehesabu.

Ndotoni, yule nyoka ameketi kwenye kiti changu. Ana kalamu yangu. Anaitazama kanga niliyojifunga kiunoni.

"Nyekundu," anasema. "Mke wa mwenye bucha."

"Samahani, mimi ni mjane. Nina binti mmoja, Nakunda."

"Imeshaandikwa." Ananibandika kibandiko shingoni. Kina baridi.

Papo hapo nyumba ya nyoka inakuwa sebule nisiyoijua. Mwanamume mwenye aproni ya damu ananikabidhi kisu nikinoe. Watoto watano wananiita mama, wanauliza chakula kitaiva lini. Natabasamu kwa adabu, maana ni watoto wa watu. Moyo unanidunda mpaka vikombe vinagongana kabatini.

Dirishani anapita Nakunda wangu na sare ya shule.

"Nakunda! Mimi hapa!"

Anasimama, anaisoma shingo yangu. "Shikamoo, mama," anasema, kwa sauti ile anayowaamkia wageni, kisha anaendelea na safari. Sijawahi kuogopa namna ile. Afadhali angenitukana.

Natambaa chini ya meza hadi kwa nyoka, ambaye bado ameketi kwenye kiti changu. "Nihesabu! Nakuomba, nihesabu kuanzia tumboni!"

"Wewe ulinihesabu?"

Uongo unanijia mdomoni. Kule barabarani Nakunda anazidi kuwa mdogo.

"Sikukuhesabu," nasema. "Niliona rangi, nikaona yatosha."

Nyoka anaweka kalamu chini. "Basi anza wewe."

Nikaamka nikihema. Nakunda alikuwa mlangoni, ametoka shule, begi bado mgongoni.

"Mama," akasema, na machozi yakanitoka kwa neno hilo tu.

"Mama, nje kuna baba mmoja amevaa aproni, ana nyama kwenye gazeti. Anamwulizia mkewe. Anasema mkewe amejifunga kanga nyekundu."

"Mwambie asubiri," nikamjibu. Nikachukua lenzi, nikamtoa nyoka sandukuni, nikaanza kuhesabu kwa sauti kuanzia tumboni: moja, mbili, tatu.