Watoto wa Ng'ambo Mbili

Patricie alikuwa fundi wa kuchora vibao vya maduka mjini Kamembe, Rwanda, kando ya ziwa. Ikiwa uliwahi kunyolewa au kununua nyama pale katika miaka ya vita vya Kongo, basi kile kichwa kilichonyolewa vizuri na yule ng'ombe mnene juu ya mlango vilitoka mkononi mwake. Ila watu hawakumjua kwa vibao. Walimjua kwa katuni.

Kila siku ya soko alitundika kwenye ukuta wa kibanda chake karatasi za mifuko ya saruji, upande wa ndani ambao haukuwa na maandishi. Juu yazo alikuwa amechora visa vya wasichana wawili wa mji wa ziwani, Pati na Odette. Leo wameuchukua mtumbwi wa mvuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa lile, wasijue kuusimamisha. Soko lijalo wamepanda ukuta wa tajiri mmoja ili warukie majini, na mbwa wa tajiri karuka nao. Anayejua kusoma alisoma, asiyejua alizifuata picha kwa kidole, na wote walicheka mahali pamoja.

Mji ule ulikuwa Bukavu, ng'ambo ya ziwa. Patricie alizaliwa huko, mtoto wa wakimbizi kutoka Rwanda, na Odette alikuwa mtoto wa jirani yao, wa kabila la Washi, wenyeji wa kule, waliyekula naye sahani moja. Baba yake Patricie, mzee Wenceslas, alikuwa na desturi ya kumsimamisha ufukweni na kumwonyesha vilima vya Cyangugu, upande wa Rwanda, akisema kwao ni pale. Baada ya mauaji ya mwaka wa tisini na nne familia ilivuka ikarudi, na mzee akapiga magoti barabarani akaushika udongo. Yeye kiu yake ilikatika siku ile. Ya bintiye ndipo ilipoanza. Asubuhi akifungua mlango, macho yake yaliteremka yenyewe hadi majini, yakavuka, yakatua kwenye mabati ya mtaa wa Nguba, Bukavu. Hakumwambia baba yake. Utamwambiaje mtu aliyeililia nchi maisha yake yote kwamba wewe, uliyekaa ndani ya nchi hiyo, unalilia nyingine?

Kwenda hakwenda. Wachuuzi walivuka daraja la Rusizi kila siku na kurudi, lakini majeshi ya Rwanda yalikuwa yameingia Kongo, na Patricie alisikia jinsi Mnyarwanda alivyotazamwa huko. Habari za Odette hakuwa nazo. Basi akachora.

Siku moja, soko lilipokuwa limetawanyika, alikuja mwanamke mmoja aliyekuwa na shamba la mihogo Gashonga, jina lake Mukandori. Alizitazama picha kwa muda mrefu. Patricie akamuuliza kama anataka kibao.

"Sikukuja juu ya kibao," alisema Mukandori. "Batoto bako ni bazuri. Lakini bote ni ba kule. Ba huku sioni hata moja."

Patricie akajitetea kwamba utoto wake ulikuwa kule, hana mwingine wa kuchora.

"Mimi niko na wangu. Anaitwa Shema. Unaweza kumutia mule?"

Alilisema kama mtu anayeomba nafasi kwenye benchi. Kisha, bila kubadilisha sauti, akaeleza kwamba Shema aliuawa mwezi wa nne wa mwaka ule wa mauaji, yeye na baba yake, na kwamba hajui walilazwa wapi. Picha hakuwa nayo hata moja, maana nyumba yao ya zamani, karibu na ziwa, iliteketezwa na kila kilichokuwamo. Wapo waliosaidiwa kuwapata watu wao na kuwazika. Yeye alikuwa amezunguka mpaka akachoka kuuliza.

Patricie hakulala vizuri wiki ile. Alichora na kupaka rangi mpaka akapata mtoto mzuri, mwenye macho makubwa, shati safi, mikono imetulia mapajani. Mukandori aliporudi akaitazama, akatikisa kichwa.

"Huyu ni malaika. Mutoto wangu alikuwa mukorofi."

Akaketi juu ya debe la rangi, akaanza kusimulia. Shema alikuwa na masikio yaliyosimama kama ya mwanambuzi. Akiogelea alijifunga shati kichwani lisilowe, na lililowa vilevile. Siku moja aling'oa mlango wa zizi la mbuzi wa jirani, akaushusha ziwani, akaupanda na kupiga kasia kwa kifuniko cha sufuria, ati anakwenda kuona kama watu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, nao hutumwa kuteka maji. Wavuvi walimkuta katikati wakamrudisha akiwa amekasirika. Na mbuzi wa jirani, kwa kukosa mlango, walimaliza maharage ya mtaa mzima. Mukandori aliposimulia hayo alicheka, akajizuia, akacheka tena. Mkono wa Patricie haukusimama. Safari hii masikio yalikuja, na kidevu kikaja, na Mukandori akainuka kuisogelea karatasi.

Siku ya soko katuni ilionyesha mtoto juu ya mlango, shati kichwani, akielea ziwani. Lakini Patricie hakuwaleta wavuvi. Alimwacha afike. Kule ng'ambo walimngojea Pati na Odette, na neno la kwanza la Shema lilikuwa kuuliza kama wanatumwa maji. Odette alimjibu kwamba wametumwa tangu asubuhi, na ndoo imeshazama.

Watu walicheka sana. Kamali, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji huko Bugarama, ambaye ndiye aliyekuwa akimletea Patricie mifuko mitupu, aliuliza kwa sauti huyu mtoto mpya ametoka wapi.

"Ni wangu," alisema Mukandori kutoka nyuma. "Anaitwa Shema."

Kicheko kilikatika. Walikuwamo pale waliomjua Shema, na wengine waliojua alivyokufa zaidi ya walivyopenda kujua. Mwanamume mmoja aliinamisha kichwa akaondoka. Kamali akavua kofia yake. Mukandori alipita katikati yao, akasimama mbele ya ukuta na kuwaeleza habari ya mbuzi na maharage, kwa raha, kama mama yeyote anavyomsema mtoto aliyemshinda.

Kuanzia hapo watoto wakawa watatu. Mukandori alileta visa vyake, Patricie akavichanganya na vyake, na utoto wa ng'ambo mbili ukawa mmoja. Kisha siku moja, wakichanganya rangi, Mukandori akauliza Odette yuko wapi siku hizi. Patricie akajibu kwamba hajui.

"Hukuenda kuuliza?"

Patricie akaanza kueleza habari za vita, za daraja, za macho ya watu. Mukandori alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi kama ningekuwa na mulango wa kubisha," alisema, "ningeenda na magoti."

Walivuka pamoja wiki iliyofuata. Patricie alitembea Bukavu akiwa amejifunika kitenge mpaka nyusi, akiinamisha uso kila alipopishana na mtu. Njia zilikuwa zilezile, ila zimekuwa fupi. Nyumba ya kwao ilikaliwa na mtu mwingine. Ya jirani ilikuwa na geti jipya, na aliyelifungua alikuwa Odette, mtoto mgongoni, mikono imejaa unga.

Walitazamana. Odette hakumkumbatia. Aliwapa viti, akawaletea maji, akaketi mbali kidogo.

"Nilikuona mwaka jana nilipovuka," alisema mwishowe. "Ulikuwa unaandika kibao karibu na soko lenu. Nikageuza kichwa."

Patricie aliuliza kwa nini. Odette akaeleza polepole kwamba kaka yake Muderhwa alichukuliwa na askari waliotoka ng'ambo, na hakurudi. Mama yao bado anampikia. Alijua Patricie hana kosa, lakini kulijua jambo na kulimeza ni vitu viwili.

Mukandori ndiye aliyesogeza kiti, akauliza Muderhwa alikuwa mtu wa namna gani. Odette akamtazama mgeni yule asiyemjua, akajibu neno moja, kisha la pili. Muderhwa aliimba vibaya kanisani na hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Muderhwa ndiye aliyewafundisha kuogelea. Hapo Patricie akakumbuka, akasema naye, na mara wakawa wanabishana ni nani hasa aliyeizamisha ndoo. Odette aliapa kuwa ni Pati. Mtoto mgongoni aliamka akalia, wakaacha.

Jua likielekea kushuka, Odette aliwasindikiza mpaka kwenye kizuizi cha daraja. Patricie akamwambia njoo siku ya soko, uone. Odette akamfunga upya mtoto mgongoni, akayatazama maji ya Rusizi.

"Sitakuja," alisema. "Bado."

Patricie akaitikia kwa kichwa. Aliingia darajani na Mukandori kando yake. Alipogeuka ng'ambo ya pili, Odette alikuwa bado amesimama palepale katikati ya wachuuzi. Hakupunga mkono, na hakuondoka.