Mstari wa Mwisho wa Tangazo la Tsubaki

Msimu wetu ulianza kwa mabeleshi. Kwetu Minasato theluji haiondoki hadi katikati ya Machi, kwa hiyo Raicho, klabu yetu ya mpira, hucheza mechi nne za kwanza za ligi ugenini, huko kusini ambako mashabiki hukaa jukwaani na fulana, na sisi tuliobaki hukutana kila Jumamosi asubuhi kufukua uwanja wa mazoezi. Huja mwenye duka la dawa, huja walimu wa sekondari, huja Mama Orito mwenye kiwanda cha tofu ya soya, ambaye siku za mechi ndiye anayepiga ngoma kubwa nyuma ya goli la kaskazini.

Mwaka huo nilikuwa nasubiri mahafali ya chuo. Klabu ilikuwa imeshanipa kazi katika kitengo cha habari kuanzia Aprili, na nilifukua theluji ile kama mtu anayefagia nyumba yake mwenyewe.

"Binti, hilo beleshi unalishika kama kijiko cha supu," mtu aliniambia kutoka nyuma.

Alikuwa Tsubaki Kohei, beki wetu wa kulia, jezi namba kumi na tano. Goti lilimzuia kusafiri na wenzake, basi alikuja kufukua na sisi. Nilikuwa nimemshangilia tangu nikiwa shule ya msingi.

"Usimsumbue, Kohei," Mama Orito alisema. "Huyu ndiye atakayeandika habari zako. Mkasirishe, akukosee umri."

"Aupunguze tu, mama. Sitalalamika."

Alikuwa na miaka thelathini na sita, na kumi na minne kati ya hiyo ameitumia kwetu. Alikataa kuondoka mara mbili tulipokuwa tunafanya vibaya, na hakuna aliyemwomba abaki. Aprili, goti lilipopoa, alirudi kikosini.

Daraja la pili lina timu ishirini, na tatu za mwisho hushuka. Kufikia Juni tulikuwa wa kumi na tano. Kufikia Agosti tulikuwa wa kumi na nane. Kila tulipofungwa, wachezaji walitembea hadi nyuma ya goli la kaskazini, wakajipanga mstari mmoja, wakainama mbele ya mashabiki. Wengi waliinama kama mtu anayeangalia kama kamba za viatu zimefungwa. Tsubaki alibaki ameinama hadi wenzake wameshageuka, kisha alikimbia kidogo kuwafikia.

Mimi niliandika ripoti za mechi. Siku moja Mama Orito alinishika mkono getini.

"Nagumo, umeandika tena 'tulipambana hadi mwisho'. Mlipambana na nani, dada? Maana wale wengine hata hawakutoka jasho."

Nilicheka, lakini niliporudi ofisini nilifuta maneno hayo. Baadaye mkurugenzi wa ufundi, Bwana Ishizuka, aliniamuru niyarudishe.

Oktoba nilimhoji Tsubaki kwa ajili ya jarida la klabu. Tulikaa kwenye benchi la uwanja wa mazoezi, tukila viazi vitamu vya kuchoma, na nilimuuliza bila kupanga ataacha lini.

Alitafuna kwanza.

"Mbio zimeisha, hilo najua. Wale watoto wa pembeni wananipita kama nimesimama kungoja basi. Lakini bado najua mpira utadondokea wapi, Nagumo. Ukipigwa tu, mguu wangu umeshaanza kwenda. Siku nisipojua, nitaacha mwenyewe, hakuna haja ya kuambiwa. Mwaka mmoja zaidi. Hata daraja la tatu. Hata mahali ambapo hakuna mtu anayenijua."

"Niyaandike hayo?"

"Usiyaandike. Yatasikika kama naomba."

Sikuyaandika. Mpaka leo sijui kama hapo nilifanya vizuri.

Wiki ya kwanza ya Novemba Bwana Ishizuka aliniita ofisini kwake, akaniambia nifunge mlango.

"Tsubaki hatumuongezi mkataba. Nilimwambia jana."

"Alisemaje?"

"Aliinama, akasema ameelewa. Si unamjua. Sasa sikiliza. Akitangaza mwenyewe kwamba anastaafu, kabla ya mechi yetu ya mwisho ya nyumbani, tutamfanyia sherehe. Maua, hotuba, mke wake uwanjani. Kocha amekubali kumpa dakika kumi za mwisho. Asipotangaza, jina lake litatoka Desemba kwenye tovuti, pamoja na wengine watano."

"Na kama anataka kucheza kwingine?"

"Kwa goti lile? Nani atamchukua? Mimi hanisikilizi, wewe anakusikiliza. Kazungumze naye kama mtu wa nyumbani."

Ningeweza kusema kwamba nililazimishwa. Sikulazimishwa. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, golikipa niliyempenda aliondoka kwa mstari mmoja kwenye tovuti, na nilipofika uwanja wa mazoezi na barua yangu ya shukrani, chumba chake cha bweni kilikuwa kimeshafagiliwa. Niliingia kazini nikiwa nimejiapiza kwamba kwa zamu yangu hakuna mtu atakayetolewa kwa mlango wa nyuma. Bwana Ishizuka alipotaja maua, nilisikia kitu nilichokuwa nikikitafuta mwenyewe.

Nilimkuta Tsubaki kwenye kantini, peke yake, mbele ya bakuli la tambi alizokwisha kuzimaliza. Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Nikisema nastaafu," alisema, "si nitakuwa nimestaafu?"

"Ni maneno tu, kaka. Timu ikijitokeza, utasema umebadili mawazo."

"Umezaliwa wapi wewe?"

"Hapa hapa."

"Basi unajua. Mtu akishapokea maua mbele ya watu, harudi kesho yake kuulizia kazi."

Nilijua. Hata hivyo niliendelea. Nilimwambia juu ya Mama Orito na miaka kumi na minne ya ngoma, juu ya watoto wenye jezi namba kumi na tano, juu ya watu ambao wangebaki bila mahali pa kumwagia shukrani zao. Nilimwambia kwamba kuaga si kwa ajili yake peke yake. Nilikuwa naamini kila neno, na nadhani ndiyo maana alishindwa kunikatalia.

"Dakika kumi kweli?" aliuliza.

"Kocha ameahidi."

Siku iliyofuata aliniletea karatasi iliyokunjwa mara mbili. Tangazo lake lilikuwa na sentensi tatu. Nashukuru kila mtu. Mechi ya tarehe thelathini itakuwa ya mwisho kwangu Minasato. Kama ningepewa nafasi, ningecheza zaidi.

Bwana Ishizuka aliisoma akiwa amesimama, akaikata kwa mstari sentensi ya tatu. Alisema inaifanya klabu ionekane katili, na kwamba hakuna tangazo la kustaafu linaloandikwa hivyo. Nilifungua matangazo ya zamani. Ni kweli, yote yaliishia mahali pamoja, kama barua za mwaka mpya: sina majuto yoyote. Nikaandika hivyo hivyo, nikaongeza aya moja juu ya theluji na mabeleshi ambayo niliiona nzuri sana, nikampelekea Tsubaki.

Aliisoma kwenye simu yangu, nje ya chumba cha kubadilishia nguo, taulo shingoni.

"Ya theluji ni nzuri," alisema. "Ila huu mstari wa mwisho sikuusema."

"Kila mtu huuandika, kaka. Watu wasipouona watashangaa. Watadhani umeondoka na kinyongo."

Alinirudishia simu.

"Uache, basi," alisema. "Kama ndivyo inavyoandikwa."

Tarehe thelathini walikuja watu elfu saba, wengi kuliko siku yoyote ya msimu. Hesabu ilikuwa rahisi: tukishinda tunabaki, tukitoka sare au tukifungwa tunashuka. Mama Orito alikuwa amefunga ngoma yake kitambaa chenye namba kumi na tano. Mke wa Tsubaki, Chinatsu, alikaa karibu na mlango wa wachezaji, amevaa kimono alichokodi kwa ajili ya sherehe. Niliketi naye kidogo.

"Alilala vizuri jana?" nilimuuliza.

"Amekata kucha za miguu mara mbili," alisema.

Tulifungwa dakika ya ishirini. Kipindi cha pili Tsubaki alianza kupasha misuli kando ya mstari, na kila alipopita mbele ya jukwaa la kaskazini watu waliimba wimbo wake. Dakika ya sabini tulisawazisha kwa kona. Ilibaki nafasi moja ya kubadilisha mchezaji. Dakika ya themanini kocha alimwita, naye akavua koti la mazoezi, akaweka sawa vikinga vya ugoko. Niliona msaidizi wa kocha akimnong'oneza bosi wake kitu, na kocha akatazama saa, akatazama uwanja, akatikisa kichwa. Tulihitaji goli. Aliingia mshambuliaji wa miaka kumi na tisa.

Tsubaki alichukua koti lake kutoka chini. Hakukaa. Aliendelea kukimbia kando ya mstari, kwenda na kurudi, mpaka filimbi ya mwisho, ingawa hakukuwa tena na nafasi ya kuingia, na uwanja mzima ulilijua hilo.

Sare ya bao moja kwa moja. Tulishuka.

Sherehe iliendelea, kwa kuwa ilikuwa kwenye ratiba. Rais wa klabu alishika kipaza sauti akazomewa tangu neno la kwanza. Nyuma ya goli mabango yaligeuzwa juu chini, yote. Nilikuwa nimesimama kwenye zulia dogo na shada la maua mikononi, na kwa mara ya kwanza nikaona aibu ya jambo nililokuwa nimelililia wiki tatu.

Jina la Tsubaki lilipotajwa, Mama Orito aligonga ngoma mara moja tu. Uwanja ukanyamaza. Bango moja liligeuzwa likasimama sawa, lile lenye jina lake.

Alifungua karatasi niliyomchapia na kuisoma. Kwenye aya ya theluji watu walianza kulia. Kwenye mstari wa mwisho alisita, akakohoa, akausoma kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Sina majuto yoyote. Nikampa maua. Alinishukuru, akaenda goli la kaskazini peke yake, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka wafanyakazi wa usafi wakaanza kutazamana.

Katikati ya Desemba nilipokea simu kutoka klabu moja ya daraja la tatu, huko Kyushu, kisiwa cha kusini. Mkurugenzi wao, mtu mpole aliyejitambulisha kama Kajiwara, aliomba video za kiungo wetu mmoja. Tulipomaliza, alisema kama anayeaga tu:

"Tsubaki wenu yu mzima? Mfikishie salamu. Tulikuwa tumemwandika kwenye orodha yetu tangu Septemba."

Niliuliza orodha gani.

"Ya usajili. Tuna vijana watupu nyuma, tulitaka mtu wa kuwapanga. Tulikuwa tunangoja mkataba wake uishe ndipo tumpigie. Halafu tukasoma tangazo."

"Bado anataka kucheza," nilisema. "Mpigie, bwana. Mpigie leo."

"Dada, nimeliona lile tangazo. Limeandikwa vizuri. Mtu amesema mwenyewe hana majuto, amepokea maua mbele ya mji mzima. Nimpigie nimwambie nini, kwamba alidanganya? Angenionaje?" Akashusha sauti. "Na tumeshasaini na mwingine juzi. Samahani. Sikujua."

Niliandika jina la Kajiwara kwenye karatasi ya kunata, nikaibandika mezani, nikaitazama hadi mwaka ukaisha. Bwana Ishizuka nilipomweleza alisema mambo hayo hutokea. Nilimuuliza kama nimweleze Tsubaki. Akasema ya nini kumuumiza mtu bure.

Februari theluji ilikuwa nyingi kuliko mwaka uliopita, na waliokuja kufukua walikuwa wachache. Tsubaki alikuja. Sasa anapeleka mafuta ya taa majumbani kwa kampuni ya mdhamini wetu, na alikuwa amevaa buti za mpira na koti lenye nembo ya kampuni. Tulifukua bega kwa bega, na nilipofika kwenye mstari wa pembeni sikuweza tena kunyamaza. Nilimweleza yote: Kyushu, orodha, Septemba, tangazo. Nilisema mstari ule niliuandika mimi. Nilisema nisamehe, kaka.

Alichomeka beleshi kwenye theluji.

"Walinitaka nicheze upande gani?" aliuliza. "Kulia?"

"Kulia."

"Kulia," alirudia, akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakununua.

Upande tuliokwisha kuufukua, wachezaji wawili wa mwaka huu walikuwa wanapigiana mipira mirefu. Mmoja aliukosea. Mpira ukaenda juu sana, upepo ukaushika, ukayumba. Mimi niliinua uso kuutafuta. Tsubaki hakuinua. Alikwenda hatua nne nyuma na moja kulia, na buti zake nzito, akasimama.

Kisha akatazama chini, alipokuwa amesimama. Akapiga hatua moja pembeni, na mpira ukadondoka mahali alipotoka, ukazama kwenye theluji hadi nusu.

"Mpira, kaka!" kijana mmoja aliita.

"Njoo uuchukue," Tsubaki alisema, akarudi kwenye beleshi lake.