Bibi Kavuliwa Koti

1.

TANGAZO KWA WOTE WANAOINGIA HIFADHINI
Ni marufuku kuingiza mmea, mbegu au udongo kutoka nje. Ni marufuku kung'oa, kuchuma au kukata chochote kilichoota. Mwenye swali amuone Afisa Elimu.

(Afisa Elimu ndiye Manka. Tangazo kaliandika mwenyewe, na siku lilipobandikwa getini alilitazama hivi, akalitazama vile, akajipongeza. Mwacheni ajipongeze. Ya mbele hayajui.)

2.

Wewe unayesoma, sikiliza. Akina mama wa Nkuweni wamezaliwa chini ya mlima, wameolewa chini ya mlima, maji ya mlima wameyabeba mpaka migongo imepinda. Juu hawajafika. Wageni wanavuka bahari kuja kupanda, wao wanabaki getini na mikungu ya ndizi. Jambo hilo lilimkera Manka. Akahangaika ofisi hii, ofisi ile, mpaka akapata kibali: akina mama wa kijiji wapande, wajifunze, walale kwenye kibanda cha juu kama wageni wengine. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa mama yake mzazi. Kijiji kizima kinamwita Mama Manka, na ukimwita vinginevyo haitiki.

3. Yaliyosikika njiani

— Jamani pole pole, hatuwahi gulio.

— Manka mwanangu, hawa watu wanafuata nini huku? Ng'ombe hakuna, mgomba hakuna!

— Wanakuja kuangalia, mama.

— Kuangalia tu?

— Kuangalia tu.

— Haya. Na sisi tuangalie.

4.

Mlangoni pa kibanda cha juu kuna mti wa senesio. Wapagazi wanauita Bibi, na hakuna anayepita bila kuuamkia: "Shikamoo, Bibi!" Una shina nene, juu kichwa cha majani mabichi, na kuanzia hapo mpaka chini majani makavu yamening'inia, tabaka juu ya tabaka.

Mama Manka alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Huyu hana watu?"

"Hana watu kivipi, mama?"

"Si unamwona alivyotelekezwa!"

Manka akacheka. Akaitwa jikoni, akaenda.

5. Kwa wale ambao hawakukulia kihambani

Kihamba ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na mgomba una adabu zake. Jani likikauka unalitoa, unalilaza chini kwenye shina lirutubishe udongo. Ukiuacha mgomba umevaa matambara, wapita njia wataulizana kama hapo pana msiba au pana mlevi. Mama Manka hajawahi kuulizwa swali hilo. Migomba yake ungeweza kuipeleka kanisani.

6.

Alfajiri, sakitu, ule umande ulioganda, imetanda kila mahali. Wenzake wako ndani wanakunywa uji. Mama Manka yuko nje peke yake, kajifunga kitenge kiunoni, anafanya kazi na kuimba.

Jani.

Jani.

Jani.

Manka alipotoka, rundo lilikuwa limepangwa vizuri chini, na shina lilikuwa

tupu.

"Nimemsafisha bibi wa watu," mama akasema, uso unang'aa. "Ona alivyo mzuri!"

7. Kutoka kwenye kipeperushi cha hifadhi

"Majani makavu ya senesio hayadondoki. Hulikinga shina dhidi ya baridi. Yakiondolewa, maji yaliyomo ndani ya shina yanaweza kuganda, na mmea ukafa."

Manka aliyajua hayo kwa moyo. Getini alikuwa amewafundisha akina mama kuhusu takataka, sabuni mtoni na kutotoka njiani. Alisema yeye, akamaliza yeye. Hakuwauliza hata mara moja: mkiuona mti wa namna ile, mikono yenu itataka kufanya nini?

"Mama," alisema. "Mama, hilo lilikuwa koti lake. Umemvua

8.

(Hapa pameachwa wazi. Mama analia.)





9.

TANGAZO
Kufuatia uharibifu uliotokea kibanda cha juu, ziara zote za vikundi vya wenyeji zimesitishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo.
MHIFADHI MKUU

10. Yaliyosikika getini

— Si tulisema? Wenyeji na hifadhi wapi na wapi!

— Kwani kaukata?

— Kausafisha.

— Kusafisha nako kosa?

— Huko juu, ndiyo.

— Makubwa!

11.

Chakula hakimshuki Mama Manka. Migomba haigusi. Manka akipiga simu asubuhi, salamu haijibiwi. Swali ni moja tu.

"Bibi kaamkaje?"

"Bado amesimama, mama."

"Kusimama si uzima. Hata mimi nimesimama."

Manka anakata simu, anakaa. Anampenda mama yake, na mti ule anaupenda. Ukifa, akina mama hawatapanda tena, hilo linauma. Lakini linalomnyima usingizi ni mama, maana anamjua: mti ule ukifa, ataubeba mpaka kaburini.

12.

Siku moja mama akatokea getini, kavaa nguo ya kanisani, mkononi ana jani la sale lililofungwa fundo. Kwa watu wa Nkuweni, ukimkosea mtu unampelekea sale. Akishalipokea hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama umemchomea nyumba.

"Nampelekea Bibi," alisema.

Askari wa geti, Kileo, mwenyeji wa hapo hapo, alijikuna kichwa. "Mama, mmea haupandi juu."

"Nani kakataza?"

Kileo akatazama tangazo, kisha akamtazama Manka.

Jani moja tu, Manka aliwaza. Nani angejua? Lakini angejua yeye, na mama naye angejua kwamba sheria za mwanawe ni za watu wengine.

"Mimi, mama. Nimekataza mimi. Haliwezi kupanda."

Mama alilishusha lile jani.

"Basi. Uliyoitunga wewe, mimi nitaivunjaje?"

Akageuka, akaelekea ofisini kwa Mhifadhi Mkuu.

13.

Mhifadhi Mkuu, Bwana Maregesi, ni mtu wa kule ziwani, amehamishiwa hapa juzijuzi. Alipewa jani, akalishika kwa mikono miwili, akashukuru sana, akalitia kwenye glasi ya maji.

Kileo alichungulia mlangoni. "Mzee, umelipokea?"

"Nimelipokea. Kwani vipi?"

"Basi umeshasamehe."

"Nimesamehe nini?"

"Lolote analoomba. Ndiyo mila, mzee. Halirudishwi hilo."

Bwana Maregesi alilitazama jani, akamtazama mama, akaanza kucheka mpaka akavua miwani.

"Haya mama yangu. Unaomba nini?"

"Nipande tena. Mikono mitupu."

14.

MAREKEBISHO YA TANGAZO
Mtu mmoja (1) ameruhusiwa kupanda, akiongozwa na Afisa Elimu, kwa ajili ya

(Sababu haikujazwa. Jaza wewe.)

15.

Miti haisemi, msinidanganye. Bibi hakusema kitu walipofika. Kichwani majani mawili matatu yalikuwa yamelegea; mengine yamejikunja kama yafanyavyo usiku, na hakuna wa kukuambia kama ni ya kulala au ya kufa.

Walifanya kazi mchana kutwa. Manka alishikilia yale makavu ya rundoni shinani, mama akayafunga kwa vipande vya kitenge chake alichokichana mwenyewe, kwa upole, kama anamvika mtoto sweta. Wapagazi waliokuwa wakipita walitua mizigo wakasaidia. Hakuna aliyetania.

Jua likaanza kushuka, baridi ikaingia. Mama akaketi chini, mgongo kwenye shina.

"Mama, twende ndani. Utaugua."

"Mgonjwa haachwi peke yake."

"Tumeshamfunga. Tumefanya tuliloweza."

"Atapona?"

Manka ana cheti ukutani. Vitabu amevisoma, wageni wa kila lugha amewajibu. Akafungua mdomo.

"Sijui, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akasogea kidogo, akaipiga ardhi kando yake kwa kiganja.

"Basi kaa. Upande huo umkinge, upepo unatokea huko."

Manka akakaa.